Debe la Riwaya Chini ya Kihenge

Nikiwa safarini nikasema natoka Sumbawanga, mtu ananitazama mara ya pili, kisha anacheka na kuniuliza kama nimekuja kwa basi au kwa ungo. Utani huo nimeusikia mpaka nimeuchoka. Siku hizi najibu kwamba ungo ulikuwa umejaa, ndiyo maana nimepanda basi. Lakini akiona kitabu nilichonacho mkononi, chenye jeneza kwenye jalada, kicheko kinakatika. "Yaani wewe unatoka kule, halafu unasoma haya?"

Ndiyo, nasoma haya. Nimeyasoma tangu kidato cha pili na nitayasoma mpaka macho yaishe nguvu. Nasoma riwaya za kutisha, nasoma na za majasusi, zile ambazo mtu anaingia hotelini kwa jina lisilo lake na wewe unakaa unasubiri nani atamgundua. Wapo wasomi walioniambia nisome vitabu vya maana. Yupo padri aliyeniambia kwa upole kabisa kwamba vitabu hivi vinamfungulia shetani mlango. Sitaki kuwajibu mmoja mmoja. Nitaeleza yaliyompata bibi yangu, mama yake baba, halafu mwenye ubavu aniambie tena kwamba ubaya uko kwenye vitabu.

Nyumbani kwetu ni Milanzi, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, na baba yangu alikuwa katekista. Vitabu nilivipata mtaa wa Majengo kwa mzee mmoja Mwislamu aliyeuza vipuri vya baiskeli. Nyuma ya tairi na spoki alikuwa na rafu moja ya riwaya zilizochakaa, na sharti lake lilikuwa moja: lete kimoja, chukua kimoja. Nikimwamkia, "Shikamoo," anaitikia, "Marahaba. Msaliti umemjua ukurasa wa ngapi?" Nikidanganya alijua, kwa sababu vyote alikuwa amevisoma yeye kwanza.

Siku baba alipoona kimoja chini ya godoro langu, hakunichapa. Alikichukua kwa ncha za vidole akakitumbukiza chooni. Vilivyobaki nikavifunga kwenye begi la shule, na likizo ilipofika nikaenda navyo kijijini kwa bibi.

Bibi aliishi peke yake tangu babu afariki, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma pembeni mwa kijiji, mwendo wa kama saa moja kutoka mjini. Alilima mahindi, maharage na ulezi. Shule hakwenda. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na cha gulioni, mengine yote alisema kwa Kifipa. Kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenza, na mimi nilimwambia siku zote kwamba mume tumemgombania hadi amekufa.

Kusoma naye kulianza kwa ugomvi. Tulikuwa tunapeta ulezi uani, mimi kitabu kiko magotini, akaniita mara tatu sikusikia. Akanyanyuka akakifunga. "Humo ndani kuna nini hata usimsikie mzee?" Nikamweleza. Mtu amevuka mpaka na karatasi za siri ndani ya soli ya kiatu, na dereva anayemwendesha ndiye aliyetumwa kumuua, lakini yeye hajui. Bibi aliweka ungo chini. "Na dereva anajua kwamba karatasi ziko kwenye kiatu?" Nikasema sijafika hapo. Akasema, "Basi fika."

Tangu siku hiyo nilisoma kwa macho ya Kiswahili na kutamka kwa Kifipa. Wasaliti aliwajua kabla yangu. Alisema mtu anayekusifia chakula kabla hajaonja hafai kuaminiwa, na mara nyingi ilikuwa hivyo. Za kutisha ndizo zilizomkamata zaidi. Tukifika pabaya alininyooshea kiganja nisubiri, akainuka, akaenda kutia komeo mlangoni, jua liko utosini, akarudi kukaa. "Haya, endelea."

Watu wananiuliza raha iko wapi kutishwa kwa hiari. Mimi nilijua pale uani. Kijijini kwetu woga ulikuwepo siku zote. Ndama akifa, mtoto akiugua, mtu akifanikiwa kupita kiasi, maneno yanaanza kwa chini chini, na hakuna anayejua yataishia kwenye nyumba ya nani. Woga wa kwenye kitabu una ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho, na ukikuzidi unaufunga ukaenda kupika. Bibi alikuwa mjane anayeishi peke yake pembeni mwa kijiji, na ulezi wake ulistawi. Alihitaji sana woga wa namna hiyo.

Likizo zikiisha vitabu vilibaki kwake, na yeye ndiye aliyevificha, maana baba alikuwa anakuja kumtembelea. Alichimba shimo chini ya kihenge cha mahindi, pale kuku wanapolala, akatia debe lenye mfuniko. Mchwa wa Ufipa hawana dini, wanakula Biblia kama wanavyokula mlango. Kwa hiyo vitabu alivifunga kwenye kaniki yake kuukuu, akavizungushia majivu na vipande vya mkaa, juu akamwaga pilipili kavu kwa ajili ya panya. Nilimshikia debe mwenyewe na nikamsifu kwa akili yake. Hatukufikiria hata kidogo kazi ile inafanana na nini mbele ya macho ya mtu mwingine.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilikwenda kusubiri matokeo kwa bibi. Mvua zilikuwa zimeanza. Mwaka ule watoto wawili walikuwa wamekufa pale kijijini, na kijiji kikaamua kuita lambalamba, wale wanaojiita watoa uchawi, wanaopita nyumba kwa nyumba wakichimbua pembe na hirizi. Ukikataa asiingie kwako, umejitangaza. Akiingia akakuta kitu, unachanjwa na kunyweshwa dawa, na ukiwa huna mtu wa kukusemea unahama. Mama mmoja wa kijiji cha jirani alihama na nyungo zake mbili tu.

Alikuja kijana wa miwani ya jua na shanga, na wasaidizi wawili wa ngoma. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa amekwisha kuingia nyumba tatu na kutoa pembe tatu. Ndipo nikalikumbuka debe. Nilimwambia bibi kwa sauti ya chini kwamba twende tukamweleze mwenyekiti wa kitongoji kabla hawajafika. Bibi alisema tukitangulia kusema tutaonekana tuna la kuficha, na kama mtu ana Mungu hatakwenda kuchimba chini ya kuku. Nikanyamaza. Kwa kunyamaza kule najilaumu mpaka leo.

Lambalamba alipofika hakunusa mlango, hakunusa kitanda. Alicheza raundi moja uani akaenda moja kwa moja kwenye kihenge. Jana yake msaidizi wake mmoja alipita akiomba maji ya kunywa kwa jirani yetu, mama aliyekuwa anasaidiana na bibi palizi, ambaye bibi alimwita mwanangu. Mama huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kutuona na lile debe. Nilimtafuta kwa macho nikamkuta anatazama vidole vyake vya miguu.

Vijana wakachimba. Debe likatoka. Mfuniko ukafunguliwa, na watu wote wakaona kaniki, majivu, mkaa na pilipili. Sikuhitaji kuambiwa. Hata mimi niliyeshika debe lile kwa mikono yangu, nilipoliangalia kwa macho yao, niliona uchawi. Kaniki ikafunuliwa, na cha juu kabisa kilikuwa kitabu chenye fuvu linalocheka. Watu wakarudi nyuma hatua tatu. Mzee mmoja akasema lisemwalo lipo. Lambalamba akainama, akaingiza mkono debeni, akaunyanyua ukiwa na pembe ndogo iliyozungushiwa uzi mwekundu.

Bibi hakulia. Alisema, "Hivyo ni vitabu. Mwenye macho asome."

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa pia katibu wa jumuiya yetu ya kanisa, ndiye aliyetusomea masomo kila Alhamisi. Akakichukua kile cha fuvu, akakifungua katikati, akasoma kwa sauti ile ile ya jumuiya: "Hodi ikapigwa mara tatu. Mama akainuka kwenda kufungua, akafika mlangoni, ndipo alipokumbuka kwamba mwanawe walimzika jana."

Kama nilikuwa na tumaini kwamba kusoma kutatuokoa, liliishia hapo. Wanawake waliwavuta watoto. Mtu mmoja alipiga ishara ya msalaba, na mimi katikati ya balaa lile nikawaza kwamba mwandishi yule alikuwa fundi kwelikweli. Mwenyekiti alikifunga kitabu upesi. Kisha akakifungua tena kidogo, kidole kikiwa bado mahali pale, na niliona midomo yake ikisogea. Alisoma mstari mmoja zaidi kwa ajili yake mwenyewe.

Lambalamba akatangaza kwamba hayo ni maandiko ya kuita wafu, na kwamba bibi ndiye aliyewaita wale watoto wawili. Akatamka majina yao. Mama zao walikuwepo. Hapo nilijua hatuzungumzii tena vitabu. Bibi yangu alikuwa anakwenda kupoteza nyumba yake, na mimi ndiye niliyezileta zile riwaya kwake kwenye begi la shule.

Majasusi wangu wote walinifundisha jambo moja: kukiwa na vitu kumi mezani, tazama kile kisichofanana na vingine. Nikatazama. Debe lilikuwa na majivu. Vitabu vilikuwa na majivu kwenye kingo. Kaniki ilikuwa na majivu, vijana waliochimba walikuwa na majivu na udongo wa mvua hadi viwikoni. Pembe ilikuwa safi. Uzi wake mwekundu ulikuwa unang'aa kama umetoka dukani.

Nikapiga moyo konde nikaenda kupiga goti mbele ya yule mzee aliyesema lisemwalo lipo, maana alikuwa mkubwa kuliko wote pale. "Shikamoo babu. Naomba uishike hiyo pembe. Kila kilichotoka humu kina jivu. Hiyo mbona haina?"

Mzee hakutaka. Lakini alikuwa ameombwa mbele za watu na kwa heshima, na kwetu mtu hakatai hivyo. Aliichukua, akaipitishia kidole gumba, akakitazama kidole. Akaipitishia tena. Kisha akampa mwenyekiti, na mwenyekiti naye akafanya vilevile.

"Uchawi hauchafuki," lambalamba akasema.

"Na mkono wako?" nikamuuliza. "Umeuingiza mpaka chini kwenye majivu. Tuone."

Mkono wake ulikuwa safi hadi kwenye kiganja. Kuna kijana nyuma aliyecheka. Kicheko kimoja tu, tena cha puani, lakini lambalamba alikisikia. Akaanza kufoka kwamba mimi ni mwanafunzi wa bibi, kwamba ndiyo kazi ninayosomea mjini. Kabla ya saa saba alikuwa amefunga ngoma zake na kuondoka bila kumaliza kijiji.

Usidhani tulibebwa juu juu. Hakuna aliyetuomba radhi. Wengi walitulaumu kwamba tumemfukuza mganga kabla hajafika kwa wachawi wenyewe, na wengine walisema pembe ilikuwa safi kwa sababu bibi ni hodari kuliko wote. Vitabu vilichomwa uani kwetu adhuhuri ile ile, kumi na kimoja, na mwenyekiti ndiye aliyewasha. Jioni kikao cha kitongoji kikaamua bibi akipishe kijiji kwa muda, kwa usalama wake. Kwa muda. Yule mama wa kijiji cha jirani alipisha kwa muda, na mahindi yake wanakula wengine.

Baba alikuja kesho yake kwa pikipiki ya kukodi. Alikuwa na huzuni, na aibu ilimzidi huzuni. Alimwambia bibi, "Mama, panda twende Milanzi. Chumba kipo." Nilianza kulia nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyeleta vitabu.

Bibi alinikatiza. "Nani alichimba? Kaniki ya nani ile? Nyamaza." Kisha akamgeukia baba. "Hapa nimeolewa. Hapa nimemzika baba yako na ndugu zako wawili. Nikipanda hiyo pikipiki nimekiri. Siendi."

Baba aliomba, akasihi, akamtaja Mama Maria. Mwishowe akasema, "Basi niahidi jambo moja ili niwaambie watu. Vitabu vile visiingie tena humu."

Bibi alijifunga khanga vizuri kiunoni. Halafu akaniambia mimi, baba akisikia, "Mke mwenza, kesho uende Majengo."

Baba akaomba maji ya kunywa. Alikunywa, akapanda pikipiki peke yake. Nadhani hiyo ndiyo siku aliyoacha kubishana na wanawake wa nyumba yetu.

Nilifika dukani mikono mitupu. Yule mzee wa vipuri aliniuliza cha kurudisha kiko wapi, nikamwambia vyote vimechomwa na kwa nini. Alikaa akizungusha spoki moja vidoleni. Kisha akateremsha vitatu kutoka kwenye rafu, vyote vya kutisha, akanifungia kwenye gazeti. "Hivi utavileta mkimaliza," akasema. "Na bibi mpe shikamoo yangu."

Safari hii hatukuficha kitu. Bibi alitandika mkeka mbele ya nyumba, hatua chache kutoka njia ya kwenda kisimani, nikasoma kwa sauti ya kufika barabarani. Miezi ile watu waliacha kumsalimia. Asiyetujua hataelewa uzito wake. Kwetu salamu ni ndefu, mtu anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anauliza habari za nyumba nzima hadi za mbuzi, na kumnyima mtu salamu ni kumwambia umekwisha kufa. Bibi aliwawahi. Mtu akitokea kwenye njia, yeye alikwisha kuchuchumaa, anapiga makofi, anamtaja kwa jina la ukoo wake. Mtu akipita kimya, bibi alirudia salamu yote tangu mwanzo, mgongoni kwake. Wengine walishindwa wakaitikia. Wengine walianza kupita njia ya mbali, na bibi akasema vizuri, wanyooshe miguu.

Mvua zilipokaribia kwisha mwenyekiti alisimama kando ya mkeka wetu na jembe begani. Alizungumzia maharage, akazungumzia mbolea, akazungumzia bei ya chumvi. Alipokuwa anataka kuondoka akauliza, akitazama pembeni, "Hivi yule mama wa kwenye kile kitabu. Aliufungua mlango?"

Bibi alimwambia, "Si ulikichoma wewe? Kaulize moto."

Na hakumwambia, ingawa tulijua. Nilimwonea huruma, lakini kidogo sana. Kikao hakikuitishwa tena kumjadili bibi, na neno la kupisha kwa muda likafa lenyewe, bila mtu kulifuta.

Bibi alifariki miaka tisa baadaye, kwa kifua, kitandani kwake, ndani ya nyumba ile ile. Nilikuwa nimeanza kazi ya ualimu mjini nikarudi kuzika. Kijiji kizima kilikuja, maana msibani hata adui huja. Siku ya tatu tulikuwa jikoni nje tunaosha sufuria, nikajikuta niko na yule jirani yetu, yule aliyeombwa maji ya kunywa na msaidizi wa lambalamba. Alikuwa amezeeka. Aliosha sufuria moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mwanangu," akaniambia, "bibi yako alikuwa mtu mwema. Sisi tuliogopa tu. Woga ndio uliotutuma."

Nilimwamkia upya kwanza, kwa sababu ni mkubwa kwangu, na kwa sababu nilitaka asikie vizuri.

"Shikamoo mama. Mimi na bibi tuliogopa na vitabu vyetu pale uani miaka yote ile, kila likizo, mpaka akawa anafunga mlango mchana. Hatukumfukuza mtu."